Mfupa wa mtoto wa sokwe ukiuweka kwenye hadubini unaona nini hasa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mwanafunzi wa mambo ya wanyamapori, mwaka jana tulipelekwa Gombe kwa mafunzo tukaambiwa sokwe wakifa watafiti wanajitahidi sana kupata mifupa yao na kuitunza. Tangu siku hiyo najiuliza, mfupa wa mtoto wa sokwe ukiuchukua ukauweka chini ya hadubini utaona nini kuhusu alivyokuwa anakua? Unaweza kujua umri wake? Unaweza kujua kama alishinda njaa? Na kama meno ndo yanatoa umri vizuri, mifupa ya nini tena? Halafu siku ile tukiwa njiani mwenzetu aliona kimfupa kidogo kwenye majani akataka kukiokota, askari akamkataza, sikuelewa kwanini.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matano kwa mpigo na yote yana maana, ngoja nianze na lile kubwa maana mengine yatajibika humo humo.

Jibu fupi ni kwamba mfupa wa mtoto unasema kasi, tarehe hauijui sana. Yaani ukiniletea kipande cha mfupa wa paja wa sokwe mchanga nikakisaga nikakiangalia, naweza kukwambia huyu hapa alikuwa anakua mbio, hapa alipunguza mwendo, hapa upande huu wa mfupa ulikuwa unajengwa wakati upande wa pili unabomolewa, lakini ukiniuliza alikuwa na miaka mingapi na miezi mingapi nitakuomba jino. Ukilishika hilo tu umeshapata nusu ya somo, na nimewaona watu wazima wenye digrii zao wanalikosea.

Sasa tuingie ndani. Mfupa hauongezeki kwa kuumuka kama unga wa mandazi, unaongezeka kwa kupachikwa kitu kipya juu ya kilichopo, na kuna sehemu mbili za kupachika. Urefu unatokea karibu na ncha, pale kuna kipande cha gegedu, ile nyama ngumu laini kama ya sikioni, seli zake zimejipanga mistari mistari kama sarafu ulizozipanga moja juu ya nyingine, zinagawanyika, zinavimba, alafu zinakufa na nafasi yake inachukuliwa na mfupa. Ndo maana kwenye eksirei ya mtoto unaona kama ncha ya mfupa imeachana na shina lake, hapana haijaachana, ni gegedu tu halionekani kwenye eksirei. Unene wenyewe unatokea nje, kuna utando unauvalisha mfupa mzima na chini ya utando huo kuna seli za ujenzi zinamwaga kolajeni, yaani nyuzi za protini, alafu madini ya kalsiamu na fosfati yanajijaza humo. Wakati huohuo kwa ndani, kwenye uwazi wa uboho, ule ute wa katikati ya mfupa, kuna seli nyingine kazi yao ni kula mfupa. Zinakula ili uwazi upanuke, la sivyo mtoto angekuwa na mifupa mizito kama nondo. Kwahiyo mfupa wa mtoto saa zote uko kwenye ujenzi na ubomoaji, na hapa kwenye ubomoaji shika vizuri maana nitarudi.

Kuandaa slaidi kunachukua siku kadhaa. Unakata katikati ya shina la mfupa, unauzamisha kwenye resini, gundi inayokauka ngumu kama plastiki, mpaka iingie kila tundu na kukauka, unakata kipande chembamba kwa msumeno wenye ukingo wa almasi, unakigandisha kwenye kioo, alafu unaanza kusaga kwa msasa laini, unasaga, unapima, unasaga tena, mpaka kinabaki na unene wa kama maikromita 100 hivi (maikromita 1000 ni milimita 1), yaani kama karatasi ya daftari. Ukipitiliza kidogo sampuli yote imeondoka, na kama ni mnyama ambaye mifupa yake iko mitano tu duniani hilo haliwezi kurudishwa. Mi huwa nasaga polepole mno, wanafunzi wangu wanachoka kunisubiri, lakini sijawahi kujutia. Siku hizi kuna mashine za skani zenye eksirei kali sana zinazoona ndani ya mfupa bila kuukata, ni neema kubwa, ila bado kuna vitu vinavyoonekana vizuri kwenye slaidi ya kusagwa tu, hasa ukitumia mwanga uliopolaraiziwa, ambao unafanya nyuzi za kolajeni zilizolala upande mmoja zing'ae na za upande mwingine ziwe giza.

Na kolajeni ndo inayotuambia kasi. Seli za ujenzi zikiwa hazina haraka zinapanga nyuzi vizuri, tabaka hili zinalaza hivi, tabaka linalofuata zinalaza kwa kukatisha, linalofuata tena zinageuza, unapata kitu kama plaiwudi. Kila tabaka lina maikromita chache tu, na ujenzi wa namna hii unakwenda kama maikromita 1 kwa siku, mara nyingi chini ya hapo. Ni mfupa imara sana ila unachukua muda. Zikiwa na haraka sasa, nyuzi zinamwagwa ovyo, zimelala kila upande kama makuti yaliyorundikwa kabla fundi hajaanza kuezeka, na kunakuwa na mishipa ya damu mingi inayopita humo. Kuna namna ya tatu iliyo katikati na ndo tamu kuliko zote kwetu sisi tunaosoma ukuaji. Hebu fikiria fundi anaposimamisha mirunda haraka haraka ili jengo lipande, nafasi zinabaki wazi, alafu anarudi taratibu kujaza. Mfupa nao unasimamisha kiunzi cha ovyo kwa kasi, unaacha matundu kuzunguka mishipa ya damu, baadae matundu yanajazwa kwa plaiwudi ya mviringo. Kwa hiyo mnyama anapata mfupa mnene kwa muda mfupi na bado unakuja kuwa imara. Ukikuta mfupa wa hivi, mwenye nao alikuwa anakua mbio.

Kanuni hii ya kwamba aina ya mfupa inafuata kasi ya ukuaji iliwekwa na Mtaliano Rodolfo Amprino mwaka 1947, na mpaka leo ndo tunaitegemea ingawa imeshafanyiwa marekebisho mengi. Mfano wa kasi kubwa kabisa niujuao ni wa vifaranga vya pengwini mfalme, ambao inabidi wanenepe kabla baridi ya kusini haijawakuta, mfupa wao umepimwa ukiongezeka mpaka maikromita 171 kwa siku moja. Weka hiyo karibu na ile moja ya plaiwudi uone tofauti.

Sasa tuje kwa primati, yaani komba, lemuri, tumbili, nyani, sokwe, gorila na sisi wenyewe. Kundi hili lote lina tabia moja, linachelewa. Ndama akizaliwa asubuhi jioni anamfuata mama yake, mtoto wa sokwe anabebwa tumboni miezi ya mwanzo, baadae mgongoni, ananyonya mpaka miaka minne mitano na anakaa na mama yake hata baada ya hapo. Ungetegemea basi mifupa yao yote iwe plaiwudi tupu, lakini haiko hivyo, na hapa ndo pananifurahisha. Kwa primati wadogo kama komba na lemuri wadogo shina la mfupa mara nyingi ni tabaka tabaka na mishipa ya damu michache. Kwa wakubwa, watoto wa sokwe na gorila, unakuta katika umri wa mwanzo mishipa mingi na kile kiunzi cha haraka, alafu kadiri anavyokua kinapungua na plaiwudi inatawala. Sababu yake ukifikiri ni hesabu ya kawaida, mnyama mkubwa hata kama anakua polepole kwa miaka bado ana mfupa mnene wa kujenga, lazima seli zake kwa siku ziweke mfupa mwingi kuliko zile za komba. Kwahiyo usije ukaona kiunzi cha haraka kwa mtoto wa gorila ukasema huyu anakomaa haraka. Kasi ya kuongeza mfupa kwa siku ni kitu kimoja, kuwahi kumaliza kukua ni kitu kingine. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi zilizochanganya hayo mawili.

Jambo lingine, usichukue mfupa mmoja ukadhani umesoma mnyama mzima. Mfupa wa paja na wa mkono wa juu wa mnyama yuleyule havilingani, na hata kwenye mduara mmoja wa slaidi upande wa mbele na wa nyuma vinatofautiana, sababu shina la mfupa wakati linakua huwa linahama, upande mmoja linaongezwa na upande wa pili linaliwa, ili mfupa upate mkunjo na umbo lake. Ukikata upande ulioliwa utasema huyu mtoto alikuwa hakui kabisa, kumbe umeangalia upande wa ubomoaji.

Utauliza tulijuaje hizo maikromita kwa siku. Kuna rangi zinazojishika kwenye mfupa unaojengwa siku hiyo tu, na maarufu ni dawa ya tetrasaikilini. Dawa hii inashikana na kalsiamu na chini ya mwanga wa urujuanimno inawaka njano, na ni tabia hiyohiyo inayofanya watoto wadogo wasipewe dawa hii, maana inabakia kwenye meno yao yanayojengwa na kuyapaka rangi maisha yote. Mnyama akipewa dozi leo na nyingine baada ya siku kumi, baadae kwenye slaidi utaona mistari miwili inayong'aa, unapima umbali kati yake unagawa kwa siku. Kazi za namna hii zimefanywa kwa makaka, aina ya tumbili, waliofugwa maabara, na bila hizo tungekuwa tunabahatisha tu. Kwa sokwe wa porini huwezi kufanya hivyo na wala usitake kufanya.

Nirudi kwenye ubomoaji sasa, niliahidi. Kumbuka mfupa unaongezwa nje na kuliwa ndani. Maana yake mfupa uliojengwa mtoto akiwa na miezi sita, akifika miaka kumi umeshaliwa karibu wote, uwazi wa uboho umepanuka ukapita pale. Na uliobaki nao haujatulia, kuna kikosi cha seli kinachotoboa vijia ndani ya mfupa wa zamani na kuvijaza upya kwa mfupa mpya wa mviringo, kila kijia kikichukua miezi kadhaa kukamilika, na kadiri umri unavyosogea vijia vinakatana juu ya vijia mpaka ule mfupa wa mwanzo haubaki ila vipande vipande. Daktari wa Kiingereza Clopton Havers aliandika kuhusu mifereji hii tangu 1691, ndo maana ina jina lake. Kwahiyo mfupa wa sokwe mzee unasoma miaka yake ya karibuni tu, utoto wake haumo. Ukitaka kujua utoto wa sokwe mfupa wake unausoma kwa mtoto mwenyewe, aliyekufa akiwa mtoto. Inauma kusema hivyo, kila slaidi nzuri niliyo nayo ya ukuaji ni mtoto ambaye hakufika mbali, na mi huwa sisahau hilo ninapowasha taa ya hadubini.

Umri sasa. Najua umesikia habari ya pete za mfupa kama pete za mti. Zipo. Mnyama akipunguza sana ukuaji msimu mmoja unabaki mstari kwenye mfupa, na zamani watu wakidhani ni mambo ya mijusi na vyura tu, wanyama wa damu baridi. Mwaka 2012 ikaonyeshwa kwa wanyama wanaocheua, swala, kulungu na wenzao wa kutoka tropiki mpaka karibu na ncha ya dunia, kwamba nao wanaweka mistari hiyo msimu wa shida. Na kwa primati tayari kulikuwa na kazi nzuri ya mwaka 2004 juu ya lemuri panya, yule mdogo wa Madagaska anayekuwa na gramu 60 hivi, waliozaliwa na kufugwa Ufaransa na umri wao unajulikana. Mistari ikalingana na miaka vizuri. Lakini sehemu ya kusisimua ni hii, kundi jingine la lemuri hao waliwekewa taa zinazofupisha mwaka, yaani mchana mrefu na mfupi vikapishana haraka kuliko kawaida, na hao wakawa na mistari mingi kuliko wenzao wa umri uleule. Umeelewa maana yake? Mfupa ulikuwa unahesabu misimu ya mwanga, sio miaka. Wakiishi kwenye mwaka wa uongo mfupa unaandika mwaka wa uongo.

Sasa sokwe wa Gombe anaishi nyuzi chache tu kusini ya ikweta, mchana wake haubadiliki sana, ana masika na kiangazi lakini matunda ya msitu hayatoki kwa ratiba moja kila mwaka, na ni mnyama mkubwa asiyelala usingizi wa msimu kama lemuri panya. Mi siwezi kuhesabu mistari kwenye paja lake nikaapa kwamba ni miaka. Akija mtu kukwambia anaweza, mwombe akuonyeshe kwa mnyama ambaye tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa.

Kuna wazo jingine la kuvutia, la mtafiti Timothy Bromage na wenzake, lililotoka 2009. Kwenye enameli, lile gamba gumu la nje la jino, kuna mistari ya kila siku, na kuna mistari mikubwa inayojirudia kila baada ya siku kadhaa, kwa makaka siku 4, kwa binadamu mara nyingi 8, kwa sokwe mara nyingi 6 au 7. Wao wanasema tabaka moja la ile plaiwudi ya mfupa linajengwa kwa muda huohuo wa mstari mkubwa wa jino la mnyama yuleyule, kana kwamba mwili mzima una saa moja inayogonga kwa zamu. Kama ni kweli kwa primati wote, basi ungeweza kuhesabu tabaka ukajua kipande kile cha mfupa kilichukua siku ngapi. Kwa maoni yangu wazo ni zuri na ushahidi wa makaka unanishawishi, ila kuhesabu tabaka kwenye mfupa ambao umekatwakatwa na vijia ni kazi ngumu mno na nisingependa mtu aitumie kama kalenda bila jino pembeni.

Ndo tunafika kwenye meno. Jino likishajengwa enameli yake haijengwi tena wala hailiwi na seli, limefungwa, na meno yaliyokuwa yanajengwa wakati wa kuzaliwa yana alama ya siku hiyo kwa sababu kuzaliwa ni mshtuko unaoacha mstari. Ukihesabu kutoka mstari huo mpaka mwisho wa jino ambalo bado linajengwa siku alipokufa, unapata umri kwa siku. Mfano mkubwa uko jirani hapo Kenya. Mwaka 2014 huko Napudet, magharibi ya Ziwa Turkana, John Ekusi alikuta fuvu la mtoto wa nyani-mkubwa wa kale, umri wa miamba miaka milioni 13, wakampa jina la Alesi. Timu ya marehemu Isaiah Nengo, mtafiti Mkenya, ilipeleka fuvu Ufaransa kwenye mashine ya eksirei kali ya Grenoble, wakaona ndani ya taya meno ambayo hayajaota, wakahesabu mistari, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Miaka milioni 13, na unajua mtoto alikuwa na miezi 16! Kila nikilisimulia hili darasani kunakuwa kimya.

Kwahiyo mifupa ya nini tena, si ndo ulivyouliza? Angalia yule kijana wa Nariokotome, mtu wa kale wa aina ya Homo erectus, mifupa aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 hapohapo upande wa magharibi ya Turkana, wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ukiangalia mifupa, urefu wake uliokadiriwa karibu sentimita 160 na ncha zake zilivyofikia, ungesema kijana wa miaka 13 hivi wa leo. Ukihesabu mistari ya meno unapata miaka kama 8. Nani muongo? Hakuna. Meno yanasema muda uliopita, mifupa inasema mwili ulikuwa umefika wapi, na ile tofauti kati yao ndo habari yenyewe, kwamba watu wale walikuwa wanakua kwa ratiba ya haraka kuliko yetu. Ungekuwa na meno tu usingejua, ungekuwa na mifupa tu ungekosea miaka mitano. Mi huwa nasema kwa wanafunzi, jino ni saa na mfupa ni spidomita, gari linahitaji vyote viwili ili ujue umefika wapi.

Njaa. Ndiyo inaonekana, lakini mfupa hauandiki neno njaa, unaandika tu kwamba ukuaji ulisimama au ulipungua. Ukipiga eksirei mfupa mrefu unaweza kuona mistari myeupe inayokatisha karibu na ncha, ni pale gegedu liliposimama kisha likaanza tena, inaitwa mistari ya Harris. Kwenye slaidi utaona sehemu ya kiunzi cha haraka inakatika ghafla inaingia plaiwudi nyembamba yenye mishipa michache, alafu baadae kiunzi kinarudi. Inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa homa, inaweza kuwa kuachishwa kunyonya, inaweza kuwa mama amekufa. Bila kumbukumbu za watu waliokuwa wanamfuatilia mnyama yule porini huwezi kuchagua, na anayechagua anabuni. Kitu kimoja ambacho kinajitambulisha chenyewe ni matege ya kukosa vitamini D, pale unakuta kolajeni imemwagwa nyingi lakini madini hayajaingia, mfupa laini, na hili limewapata sana nyani waliofungiwa ndani bila jua kwenye bustani za wanyama za zamani huko Ulaya na Marekani.

Na hapo pana tahadhari kubwa. Sehemu kubwa ya vipimo vya zamani vya ukuaji wa sokwe vilitoka kwa sokwe wa kufugwa, wanaokula vizuri kila siku na hawahangaiki. Mwaka 2004 mtafiti Adrienne Zihlman na wenzake walipoangalia sokwe wa porini wa Taï huko Ivory Coast wakakuta meno yao yanaota kwa kuchelewa ukilinganisha na wa kufugwa. Kama jino ambalo ni gumu kuyumbishwa linachelewa, mfupa ambao unayumba kwa chakula na mazoezi je?

Mazoezi nayo ni sura nyingine. Ndani ya ncha za mifupa kuna mfupa wa sponji, vijiti vidogo vidogo vilivyoshikana. Mtoto wa binadamu anazaliwa navyo vingi na vyembamba, vinapungua kwenye mwaka wa kwanza, alafu akianza kutembea vinakuwa vinene na kujipanga kufuata njia ya uzito. Kwa gorila wa milimani wa Rwanda imeonekana nguvu ya mifupa ya mkono ukilinganisha na ya mguu inabadilika karibu na miaka miwili, ndo muda ambao mtoto anapunguza kupanda na kuning'inia na anaanza kutembea chini zaidi. Na hapo Gombe penyewe, sokwe walioathiriwa na mlipuko wa polio wa 1966, mifupa yao ilipochunguzwa baadae ikaonyesha upande uliopooza haulingani na upande mzima. Mfupa usiotumika unakonda, hauna siri.

Sasa uone kwanini Gombe na Rwanda zina thamani kubwa kuliko makabati mengi ya makumbusho ya nje. Makabati yale yamejaa mafuvu yaliyopigwa risasi enzi za ukoloni, hayana jina, hayana mama, hayana tarehe. Gombe watu wanafuatilia sokwe tangu Julai 1960, na Karisoke, kituo cha utafiti wa gorila kule Rwanda, tangu 1967, miaka yote hiyo kuna mtu asubuhi anapanda mlima na daftari kuandika nani amezaa na nani hakuonekana. Gorila akifa Rwanda anachunguzwa na madaktari wa mifugo, anazikwa, baadae mifupa inafukuliwa kwa uangalifu na kusafishwa, na kuanzia 2008 kumekuwa na mradi maalum wa mifupa hiyo, akiwemo Shannon McFarlin ambaye ni mtu wa hadubini haswa, na imefika zaidi ya mifupa ya gorila 100 iliyobaki hapohapo nchini. Katika mifupa hiyo wakaona kwamba ubongo wa gorila wa milimani unafikia ukubwa wa utu uzima mapema, akiwa na miaka mitatu minne tu, wakati mwili bado una safari ndefu mbele. Jambo hilo usingelijua kwa fuvu lisilo na tarehe ya kuzaliwa. Kwahiyo nikisema sayansi hii inategemea hadubini nakuwa nimedanganya nusu, inategemea zaidi yule kijana wa Kigoma au wa Musanze kule Rwanda mwenye daftari na buti zilizolowa, na natamani majina yao yawe yanaandikwa mbele kwenye ripoti zetu badala ya kuwekwa kwenye shukrani za mwisho.

La mwisho, kile kimfupa cha kwenye majani. Askari alifanya sawa kabisa na umshukuru kwa niaba yangu. Kwanza ni sheria, huruhusiwi kutoa chochote hifadhini. Pili ni afya, mizoga ya sokwe na nyani imeshaleta Ebola kwa watu kwenye misitu ya Afrika ya kati na magharibi, na kule Taï sokwe wamekufa kwa kimeta, hivyo mkono mtupu haugusi kitu cha namna ile hata kama kinaonekana kikavu na kisafi. Tatu ndo langu, mfupa ukishahamishwa umepoteza jirani zake. Pengine mita mbili pembeni kulikuwa na taya lenye meno, na taya hilo ndo lingetupa umri, na umri ungewapa watafiti jina, na jina lingewafungulia daftari lote la maisha ya mtoto yule, lini alizaliwa, mama yake nani, aliumwa lini. Siku nyingine mkikuta kitu kama hicho simameni hapohapo, msikanyage kanyage, pigeni picha bila kugusa, mkiweza chukueni namba za mahali kwenye simu, alafu mwiteni askari au mtafiti aje mwenyewe. Na kama ile picha ya siku ile mnayo kwenye simu na mnakumbuka ilikuwa njia ipi, wapelekeeni wale waliowapokea pale Gombe hata leo, haijachelewa.